Mchanga Hauogopi Injini

Historia ya gari husimuliwa mara nyingi kama historia ya nguvu: injini zilikua, mwendo ukaongezeka, na kila kizazi kikafika mahali ambapo kilichotangulia kilishindwa. Jangwani masimulizi hayo hayasimami. Magari ya kwanza kuvuka matuta makubwa ya Jangwa la Libya, magharibi mwa Misri, yalikuwa na injini dhaifu, yaliendeshwa kwa magurudumu mawili tu ya nyuma, na yalizama mchangani mara kwa mara. Yalivuka kwa sababu waliokuwa ndani yake walijua namna ya kuyatoa. Ujuzi huo wa kukwamua gari, ambao wengi huuona kuwa ni kazi ya beleshi na jasho tu, ndio uliofungua jangwa kwa magurudumu. Na kila watu walipotaka kuuruka kwa kuongeza nguvu au uzito, mchanga uliwarudisha darasani.

Ugumu wenyewe una jina: Bahari Kuu ya Mchanga, iliyotanda kutoka karibu na oasisi ya Siwa hadi uwanda wa juu wa Gilf Kebir, matuta yakiwa yamepangana mstari kwa mstari kutoka kaskazini kwenda kusini. Mwaka 1874 mpelelezi wa Kijerumani Gerhard Rohlfs alijaribu kuivuka kwa ngamia kuelekea oasisi ya Kufra. Matuta yalimshinda, akalazimika kugeuka na kuyafuata kaskazini hadi Siwa. Kama ngamia, ambaye wayo wake mpana umeumbwa kwa ajili ya mchanga, alishindwa kukata matuta hayo, ni nani angeamini kwamba chombo cha chuma chenye magurudumu membamba kingeweza? Jibu lilianza kuja wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walipokuwa wakipigana na Wasanusi, wafuasi wa tarika ya Sanusiyya, katika jangwa hilo. Walikuwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce, yenye uzito wa tani nne hivi, ambayo kwenye ardhi ngumu yalikwenda kasi ya kutisha lakini kwenye mchanga laini yalikuwa mzigo kwa wenyewe. Pembeni mwao kulikuwa na Ford Model T, gari la mtu wa kawaida, lisilofika hata tani moja. Vikosi vya doria vilivyopewa Ford hizo vilizivua sehemu za bodi zisizo na kazi na kuzivisha tairi pana kuliko za kiwandani. Wakiwa na gari jepesi ambalo watu wachache wangeweza kulisukuma kwa mabega, walipita na kuchora ramani za maeneo ambayo gari halijawahi kukanyaga. Mmoja wa maofisa wao, Claud Williams kutoka New Zealand, aliandika taarifa ya kijeshi juu ya jiografia ya jangwa hilo. Uzito mdogo ulikuwa somo la kwanza.

Masomo mengine yalikuja na Ralph Bagnold, ofisa wa mawasiliano wa jeshi la Uingereza aliyehamishiwa Misri katikati ya miaka ya 1920. Bagnold na rafiki zake walitumia likizo zao na fedha zao wenyewe kusafiri jangwani, kwanza kwa Model T, kisha kwa Ford Model A. Mwaka 1929 waliingia katika Bahari Kuu ya Mchanga wakarudi. Mwaka 1930 wakavuka. Kufikia hapo walikuwa wamejenga utaratibu wa kujikwamua ambao haujabadilika sana hadi leo. Katika duka la vyuma chakavu jijini Cairo Bagnold alipata vipande vya chuma vilivyokunjwa kama mfereji, vilivyotengenezwa wakati wa vita kwa ajili ya kuezekea mahandaki ya askari. Gari likizama, dereva aliacha kukanyaga mafuta mara moja. Wenzake waliteremka, wakachimba mchanga mbele ya magurudumu ya nyuma, wakasukumiza mifereji ile chini ya tairi, na klachi ilipoachiwa taratibu gari lilipanda juu ya chuma na kupata mwendo, watu wakilisukuma kwa nyuma. Kisha kazi ikaanza tena mita chache mbele, ikibidi. Walipunguza pia upepo wa tairi ili zilale na kutandaa juu ya mchanga. Kwa kuwa injini inayohangaika mchangani huchemsha maji, na maji jangwani ni uhai, mvuke wa rejeta uliongozwa kwa bomba hadi kwenye kopo lenye maji. Injini ilipopoa, maji yale yalinyonywa na kurudi yalikotoka. Hakuna hata kimoja katika hivi kilichohitaji kiwanda. Vyote vilitoka kwenye soko la vyuma chakavu na kwenye vichwa vya watu waliokubali kwamba kukwama ni sehemu ya safari, hivyo wakajipanga kukwama vizuri.

Sababu za mbinu hizi kufaulu zinaweza kupigiwa hesabu. Chukua gari la kilo 2,000, kila gurudumu likibeba kilo 500. Tairi ikijazwa upepo wa paundi 35 kwa inchi ya mraba, kama ilivyo kawaida barabarani, sehemu inayogusa ardhi huwa kama sentimeta 200 za mraba. Ukiupunguza hadi paundi 15, eneo hilo linapita sentimeta 470. Uzito ni uleule, lakini sasa mchanga unabebeshwa chini ya nusu ya mzigo wa mwanzo kwa kila sentimeta. Kwa upande mwingine, gurudumu likizunguka bila kwenda hukata chembe zilizolibeba na kuzitupa nyuma, likijichimbia shimo hadi ekseli na chasisi zilale juu ya mchanga. Hapo tumbo la gari ndilo linalobeba uzito, magurudumu yananing'inia, na injini ya nguvu yoyote ile haina cha kushika. Dereva aliyezoea matope huenda akaona ajabu, maana kwenye tope jembamba juu ya ardhi ngumu gurudumu linaweza kuchimba likafika mahali pagumu. Kwenye mchanga mkavu wenye kina hakuna pagumu pa kufikia, na kila mzunguko ni kuchimba zaidi.

Bagnold hakuridhika na kujua kwamba mbinu zinafaa. Alitaka kujua kwa nini tuta moja liwe gumu upande huu na laini upande wa pili. Alistaafu jeshi mwaka 1935 na kutengeneza njia ya upepo katika Imperial College, London, akapuliza mchanga humo na kuupima. Mwaka 1941 alitoa kitabu *The Physics of Blown Sand and Desert Dunes*, ambacho bado ni msingi wa elimu hiyo. Alionyesha kwamba chembe za mchanga husafiri kwa kurukaruka, na kwamba zile zinazopigwa na upepo upande unakotokea hujipanga na kushikamana zikawa ngumu, wakati zile zinazoporomoka upande wa kisogo hulala hovyo kwa mteremko wa nyuzi kama 34, zikiwa laini kiasi cha kumeza gari. Mtu anayelijua hilo hukwama mara chache, kwa sababu huchagua pa kupita. Na akikwama anajua aelekee wapi akishatoka. Naona hapa ndipo ujuzi wa beleshi ulipogeuka kuwa sayansi, na ni jambo la kujivunia kwamba swali lenyewe lilizaliwa na watu waliokuwa wamepiga magoti wakifukua tairi.

Kuna pingamizi la haki. Mtu anaweza kusema kwamba Sahara ilivukwa kwa gari kabla ya Bagnold, tena kwa mashine maalumu. Ni kweli. Msafara wa Citroën ulioongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil uliondoka Touggourt, Algeria, Desemba 1922 na kufika Timbuktu Januari 1923, ukitumia magari yenye mikanda ya mpira ya Kégresse mahali pa magurudumu ya nyuma. Mwanamfalme wa Misri, Kemal el Din, alitumia magari ya aina hiyo katika safari zake za miaka ya 1920, na ndiye aliyeipa Gilf Kebir jina lake. Lakini mkanda mpana unafanya nini? Unatandaza uzito juu ya eneo kubwa, yaani kazi ileile ya tairi iliyopunguzwa upepo, ila kwa gharama kubwa zaidi, kwa mwendo wa polepole na kwa vyuma vingi vya kuharibika. Magari hayo yaliwafaa kampuni ya viwanda na mtoto wa mfalme. Ford ya kawaida ilimfaa mwenye mshahara.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka vitani. Mwaka 1939 Bagnold aliitwa tena jeshini na kupangiwa Afrika Mashariki. Meli iliyompakia kuelekea Kenya ikagongana na nyingine katika Mediterania, naye akajikuta Port Said, Misri, nchi aliyoijua kuliko karibu ofisa yeyote wa Kiingereza. Katikati ya 1940 Jenerali Wavell, mkuu wa majeshi ya Uingereza huko, alimruhusu kuunda kikosi kilichokuja kuitwa Long Range Desert Group, na askari wake wa kwanza walikuwa watu wa New Zealand, wengi wao wakulima. Walifundishwa pia kukwamua gari mchangani. Malori yao ya kwanza yalikuwa Chevrolet ya magurudumu mawili ya kuendeshea. Mwaka 1941 walipewa Ford F30, lori la kijeshi linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne. Kwa fikra za kawaida hiyo ilikuwa zawadi. Lakini lori lile lilikuwa zito na lilikula mafuta kupita kiasi, na mafuta ndiyo yaliyoamua doria inafika wapi. Mwaka 1942 kikosi kilirudi kwenye Chevrolet ya magurudumu mawili, mifereji ya chuma ikining'inia ubavuni, na doria zake zikaendelea kulala siku nyingi kando ya barabara kuu ya pwani ya Libya zikihesabu magari ya adui. Watu waliokuwa na hiari ya kuchagua nguvu, na ambao maisha yao yalitegemea uamuzi huo, walichagua wepesi na ustadi.

Wengine watahoji uhalali wa simulizi yenyewe: kwa nini sifa ziende kwa maofisa wa dola ya kikoloni, wakati Mabedui na Watebu waliishi humo kwa karne nyingi? Hoja hii ni nzito, na sehemu yake ni kweli tupu. Visima, njia, na utambuzi wa mchanga kwa rangi na kwa mawimbi yake vilikuwa mali ya wenyeji, na ramani nyingi za Wazungu zilianza kwa kuuliza mtu wa huko. Wazungu walikuja na bahati ya kuandika na kuchapisha. Waliowaelekeza njia hawakuipata bahati hiyo, na majina yao mengi yamepotea, hasara isiyolipika. Hata hivyo, gari lilileta tatizo jipya ambalo halikuwa na mwalimu, kwa kuwa msafara wa ngamia haukuwa na sababu ya kukata matuta ya Bahari Kuu ya Mchanga; uliyazunguka. Namna ya kutoa tani mbili za chuma kutoka shimoni ilibidi ibuniwe. Na wenyeji walipopata magari waliichukua elimu hiyo na kuipita. Leo, katika Mchanga wa Sharqiya nchini Oman, mkoa ambako familia nyingi bado zina ndugu Zanzibar na pwani yetu, Bedui katika pikapu ya kawaida yenye tairi laini hupita mahali ambapo mgeni mwenye gari la bei mbaya hukwama.

Inabaki hoja ya sasa, kwamba vifaa vya kisasa vimeimaliza kazi hii. Tazama vimefanya nini hasa. Mwaka 1942 Wamarekani walitoa DUKW, lori la kuogelea ambalo dereva wake aliweza kuongeza na kupunguza upepo wa tairi akiwa amekaa kwenye usukani, ili litoke majini na kupanda mchanga wa ufukwe. Uvumbuzi huo mkubwa ulikuwa njia ya haraka ya kutenda alichokuwa akikitenda Bagnold kwa mkono. Mbao za plastiki zinazofungwa leo juu ya magari ya safari ni mifereji ya chuma iliyopungua uzito. Na pale ambapo hakuna mkono wa mtu kabisa, mchanga umeonyesha ukuu wake waziwazi. Aprili 2005 gari la NASA liitwalo Opportunity lilizama katika tuta dogo kwenye sayari ya Mars. Wahandisi walijaribu kwanza kwenye sanduku la mchanga hapa duniani, wakalisogeza kidogo kidogo hadi likatoka mwezi Juni. Mwenzake Spirit alizama Mei 2009, gurudumu lake moja likiwa limeshakufa, na hakutoka tena. Mashine hizo zilikuwa na magurudumu sita yanayojiendesha kila moja na zilisimamiwa na mabingwa wa dunia. Matuta ambayo gari la tatu, Curiosity, lilifika kuyachunguza mwaka 2015 yamepewa jina la Bagnold.

Kwa hiyo anayejiandaa kwenda Sharqiya, Sahara, au kwenye ufukwe wowote wenye mchanga mkavu, asianze kwa kuulizia injini. Anunue kipima upepo, pampu ya kurudishia upepo huo (maana tairi laini barabarani huchemka na kupasuka, na kwenye kona kali huchomoka kwenye rimu), beleshi, na jozi ya mbao za kukwamulia. Atenge siku moja, akiwa na gari la pili karibu, alikwamishe gari lake kwa makusudi na kulitoa mwenyewe. Vijana wa New Zealand nao walijifunza kazi hiyo mwaka 1940.