Roketi ya puto na kivuli cha kijiti: sayansi ya anga nyumbani kwa watoto

Mtoto akiuliza kwa nini ndege haianguki, au Jua huenda wapi usiku, mpeni jibu analoweza kulijaribu kwa mikono yake. Majaribio haya hayahitaji maabara wala intaneti. Yanahitaji karatasi, uzi, puto, kijiti, chungwa na mtu mzima wa kukaa naye. Kabla ya kila jaribio, mtoto aseme kwanza anadhani kitatokea nini. Mkirudia, badilisheni kitu kimoja tu. Mkibadilisha viwili, hamtajua ni kipi kilicholeta tofauti.

Karatasi mbili

Chukueni karatasi mbili za daftari zinazolingana. Moja iacheni bapa, nyingine ifinyangeni iwe kama mpira. Ziachieni pamoja kutoka usawa wa kichwa. Ile ya mpira hutangulia, na watoto wengi watasema ni kwa sababu imekuwa nzito. Lakini uzito haujabadilika. Kilichobadilika ni jinsi hewa inavyoizuia. Tarehe 2 Agosti 1971 mwanaanga wa Marekani David Scott, akiwa Mwezini katika safari ya Apollo 15, aliachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja. Vilitua pamoja, maana Mwezini hakuna hewa.

Sasa ikunjeni ile karatasi bapa iwe ndege. Ikiinua pua kisha ikaanguka, bandikeni kidonge kidogo cha udongo puani. Ikipiga mbizi, kipunguzeni. Mkitaka parachuti, tumieni kipande cha kanga kuukuu na nyuzi nne. Msitumie mfuko wa plastiki: umepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania Bara tangu 2019, tena unaweza kumziba mtoto pumzi.

Roketi ya puto

Pitisheni uzi ndani ya mrija wa soda, kisha ufungeni kutoka mlangoni hadi kwenye mti, kama mita tano, ukazwe vizuri. Mrija ukikosekana, kipande cha kikonyo cha jani la mpapai kinafaa kwa kuwa ndani kiko wazi. Utomvu wake ukauke kwanza, maana huwasha. Pulizeni puto, libaneni mdomo kwa vidole bila kulifunga, libandikeni kwenye mrija kwa selotepu, kisha liachieni.

Puto linasukuma hewa nyuma, na hewa hiyo inalisukuma puto mbele. Hapa hata watu wazima hukosea: hudhani roketi huenda kwa kusukuma ardhi au hewa iliyo nyuma yake. Ingekuwa hivyo, isingefika popote huko juu ambako hewa haipo. Roketi husukuma gesi inayotoka ndani yake yenyewe, na hiyo inatosha. Jaribuni puto dogo na kubwa, au lenye hewa nusu na lililojaa, mpime kwa hatua lilikofika. Likipasuka, okoteni vipande vyote. Mtoto mdogo akikimeza kimoja kinaweza kumkaba koo.

Roketi halisi zimewahi kurushwa hapa kwetu. Kati ya 1967 na 1988 Waitalia walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo satelaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Mahali hapo pana faida yake: kwenye ikweta Dunia inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekezwa mashariki huondoka na kasi hiyo bure.

Kivuli kinachotembea

Mtoto mwerevu atauliza: kama tunakwenda kasi hivyo, mbona hatuhisi? Ni kwa sababu nyumba, miti na hewa vyote vinakwenda pamoja nasi, kama abiria katika basi lililo kwenye lami nzuri. Kinachotuonyesha mwendo huo ni kivuli.

Simamisheni kijiti cha mita moja, wima, mahali palipo wazi. Kuanzia saa tano na nusu asubuhi hadi saa saba na nusu mchana, wekeni kokoto kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi. Kokoto iliyo karibu zaidi na kijiti inaonyesha adhuhuri halisi ya pale mlipo.

Hapa ndipo simu inapopata kazi. Mpigieni shangazi au binamu aliye mbali, mashariki au magharibi, naye afanye hivyo siku ile ile. Redio hutangaza saa ile ile Kenya na Tanzania nzima. Hata hivyo, mtoto wa Lamu atapata kivuli kifupi kabisa kama dakika 45 kabla ya mtoto wa Kigoma, ambaye adhuhuri yake huja karibu na saa saba. Dakika hizo ndizo Dunia inazotumia kuigeuza Kigoma mpaka ielekee Jua kama Lamu ilivyolielekea.

Rudieni mwezi Juni na mwezi Desemba. Kote Kenya na Tanzania, kivuli cha adhuhuri huangukia kusini mwezi Juni na kaskazini mwezi Desemba. Mtoto wa Ulaya hawezi kuliona jambo hili akiwa kwao, maana huko huangukia kaskazini mwaka mzima.

Chungwa na Mwezi

Siku ya saba au ya nane ya mwezi mwandamo, saa kumi alasiri, nusu ya Mwezi huonekana juu na Jua bado lipo. Mtoto asimame juani, anyooshe mkono na kuliinua chungwa karibu na Mwezi ulipo. Ataona chungwa limeangazwa upande ule ule, kwa kiasi kile kile. Basi nusu nyingine haijaliwa na kivuli cha Dunia. Ni upande ambao Jua haliufikii.

Kisha chungwa la upana wa sentimita 7 liwe Dunia, na gololi ya sentimita 2 iwe Mwezi. Mtoto aiweke gololi mahali anapodhani pake. Wengi huiweka karibu sana, kama picha za vitabuni. Mahali pake ni mita mbili na zaidi kidogo. Jua lingekuwa na upana wa mita 7 na nusu, tena mbali zaidi ya mita 800.

Macho

Kulitazama Jua ni jambo lisilojaribiwa. Kioo chenye masizi, filamu ya eksirei, miwani ya kawaida ya jua, hata beseni la maji, vyote si kinga. Sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga haina maumivu, kwa hiyo huungua mtoto asijue, na jeraha linaweza kuwa la kudumu.

Hatari huwa kubwa Jua linapopatwa, kwa kuwa kila mtu hutaka kuangalia. Tarehe 2 Agosti 2027 ukanda wa giza kamili utapita Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia, nasi tutaona sehemu tu ya Jua ikifunikwa. Fanyeni mazoezi mapema. Toboeni kadibodi kwa msumari mwembamba, mtoto alipe Jua mgongo, na mwanga upite tunduni hadi kwenye karatasi nyeupe iliyo mita mbili mbele. Doa la karibu sentimita 2 litakaloonekana ndilo sura ya Jua, na Jua likipatwa doa hilo huwa hilali. Chini ya mwembe, nafasi kati ya majani hufanya kazi ile ile.