Kabla ya 2015, kiungo cha mfanyakazi hakikuzidi Sh108,000

Julai 1, 2025 Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ulitimiza miaka 10 tangu uanze kazi. Kwa mwalimu wa Pito mkoani Rukwa, muuguzi wa zahanati, au afisa ugani anayeteremka kwa pikipiki kutoka uwanda wa Ufipa kwenda Bonde la Ziwa Rukwa, tarehe hiyo ilistahili kukumbukwa kuliko maadhimisho mengi tunayoyafungia maturubai.

Kuelewa kwa nini, turudi nyuma: mkoloni aliwapanga watumishi kwa madaraja. Mwaka 1942 ilitungwa sheria ya mfuko wa akiba wa watumishi wa serikali, na 1944 ikafuata ya serikali za mitaa. Mwanachama wa mifuko hiyo alichukua akiba yake kwa mkupuo, basi. Pensheni ilikuwa ya wachache, chini ya sheria ya 1954. Katika makoloni ya Mwingereza, sheria za namna hiyo zilimtaka mtumishi aliyeshindwa kazi kwa maradhi ya mwili au akili alete ushahidi wa daktari kwamba hali yake ni ya kudumu, kisha uamuzi ukabaki kwa Gavana. Kwa kuwa hakuchangia hata senti, malipo yalihesabiwa kuwa hisani.

Lakini aibu kubwa ilikuwa kwenye sheria ya fidia ya 1949. Mlipaji alikuwa mwajiri mwenyewe au kampuni yake ya bima, hivyo aliyeumia alilazimika kumdai yuleyule aliyemtegemea kwa mshahara. Na sheria iliweka ukomo: aliyepata ulemavu wa kudumu hakulipwa zaidi ya Sh108,000, familia ya aliyefariki, Sh83,000. Shilingi ikashuka thamani, bei zikapanda, viwango vikabaki palepale. Uhuru ukapita, Azimio la Arusha likapita, enzi ya ruksa ya soko huria ikapita. Katika miaka ya mwisho ya sheria hiyo, fundi aliyekatwa mkono na mashine angeweza kulipwa, kwa mujibu wa sheria, fedha zisizofika mshahara wa mwezi mmoja wa mhudumu wa ofisi. Bunge lilitunga sheria mpya 2008, na bado tukangoja miaka saba mfuko uanze. Waliovunjika migongo katika miaka hiyo saba hakuna wa kuwarudishia chochote, na sijasikia kiongozi akiwataja.

Upande wa pensheni, mwaka 1999 ulileta PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na michango: mtumishi asilimia 5, mwajiri 15. Agosti 2018 PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Ugomvi uliofuata wa kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, hadi Rais John Magufuli akakisitisha Desemba ile, unajulikana kwa kila mstaafu.

Kisichojulikana ni milango miwili iliyopo leo. Ulemavu au ugonjwa uliotokana na kazi unakwenda WCF, ambako mchango wote ni wa mwajiri na hata aliyeajiriwa mwezi jana ana haki. Madaktari wakikadiria ulemavu wa kudumu kuwa zaidi ya asilimia 30, analipwa pensheni ya kila mwezi. Ukiwa chini ya hapo, mkupuo. Tuseme mwalimu anapokea milioni moja na amekadiriwa asilimia 50: asilimia 70 ya mshahara, ambayo ndiyo msingi wa hesabu, ni laki saba, nusu yake laki tatu na nusu, kila mwezi. Ulemavu usiohusiana na kazi, kiharusi cha nyumbani kwa mfano, ni wa PSSSF: bodi ya madaktari ithibitishe kwamba mtumishi hawezi tena kazi, na hapo historia ya michango inahesabiwa.

Anayekosea mlango hupoteza muda, na muda wenyewe una mwisho. Mwajiri akishapata habari ya ajali ana siku saba za kuitolea taarifa WCF, na madai yafunguliwe ndani ya miezi 12. Mwalimu aliyeanguka akiwa kazini mara nyingi hujiuguza kimyakimya, akitumaini mguu utapona baada ya mavuno. Mkuu wa shule anamwonea huruma, anampunguzia vipindi, na hakuna anayeandika barua. Huruma hiyo ndiyo inayomnyima pensheni. Maafisa utumishi wa halmashauri zetu wana wajibu wa kubandika masharti haya kwenye mbao za matangazo za kila shule na zahanati, kuanzia Pito hadi vijiji vya bondeni, na kuyasoma kwa sauti kwenye vikao vya watumishi.