Lundo la Mboji na Chembe za Plastiki

Tangu zama za kale mkulima amelitumainia lundo la mboji kwa sababu moja: kila kitokacho ardhini, kikirundikwa na kupata maji na hewa, hurejea kuwa udongo. Imani hiyo aliipa sura ya elimu Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi Indore, nchini India, akaichapisha njia yake mwaka 1931. Kabla yake, mwaka 1914, Edward Ardern na William Lockett walikuwa wameeleza huko Manchester namna ya kusafisha majitaka kwa kuyapulizia hewa, vijidudu vipate kuula uchafu kisha vituame chini kama tope. Tope hilo lilikuwa na rutuba, nayo miji mingi ikalipeleka mashambani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili plastiki ilienea duniani, na hesabu ile ya kale ikavurugika. Nguo za nailoni na poliesta zifuliwapo hutoa vijiuzi vyembamba, navyo hufuata mfereji hadi mtamboni. Mtambo huyatakasa maji, walakini sehemu kubwa ya chembe hizo haiangamii, bali husalia katika tope. Hivyo kilichozuiwa kuingia mtoni chapelekwa kondeni.

Je, lundo laweza kuila plastiki? Joto la lundo la kawaida huua viini vingi vya maradhi, lakini plastiki huigusa kidogo mno. Mwaka 2020 wataalamu wa China walitangaza habari za lundo la tope lenye joto kali zaidi, ambamo hustawi vijidudu vya jamii ya Thermus. Katika siku 45, chembe za plastiki zilipungua kwa asilimia 43.7. Maabarani, katika joto la nyuzi 70, polistireni ilioza kwa asilimia 7.3 kwa siku 56. Ni kidogo, ila ni mara 6.6 ya ilivyokuwa katika nyuzi 40.

Habari hiyo ni njema, wala haitoshi. Zaidi ya nusu ya chembe ilibaki. Tena chembe ikatikayo vipande viwili haijaoza, imezaana. Mboji ilikuwa deni ambalo mji ulililipa shamba kwa mali ya shamba lenyewe. Plastiki haikutoka shambani kamwe. Mchuma janga hula na wa kwao, na mezani pa mji ndipo mavuno ya konde hilo yarudipo. Moto wa lundo ni msaada, bali ulinzi hasa huanzia mferejini, kabla tope halijawa tope.