Barabara za Ugweno: jasho lililo chini ya matairi

Barabara inayotoka Mwanga mjini kupitia Kikweni kwenda Usangi na Ugweno huanza katika nchi kavu. Huku chini ni migunga, vumbi na jua kali, kwa kuwa tambarare ya Mwanga na Same iko upande ambao mvua haifiki vizuri: pepo kutoka Bahari ya Hindi humwaga maji yake milimani kabla ya kuvuka. Kona zikishaanza, hali hugeuka. Migomba na kahawa hujitokeza, hewa hupoa, na mbele hutokea vijiji vya Ugweno, Msangeni kikiwa mojawapo. Mlima Kindoroko, wenye kilele kirefu kuliko vyote vya Upare Kaskazini, una mita 2,113.

Mchezo wa baiskeli za changarawe unatafuta barabara za namna hii hasa. Mashindano yaliyoupa umaarufu yalianzia Emporia, jimbo la Kansas nchini Marekani, mwaka 2006, na leo yanaitwa Unbound Gravel. Mwaka 2022 Shirikisho la Baiskeli la Kimataifa liliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa mchezo huo nchini Italia. Baiskeli zake zina usukani uliopinda kama za mbio za lami, lakini matairi ni mapana na gia ni nyepesi kwa ajili ya vilima. Muhimu kuliko baiskeli yenyewe ni njia: ndefu, ya mawe na vumbi, inayopita kati ya watu.

Mgeni anayepanda Ugweno anaweza kudhani kwamba njia hiyo ni zawadi ya mlima. Sivyo. Ni kazi ya watu, tena ya vizazi.

Chuma, reli na kodi

Kabla ya gurudumu lolote, milima hii ilikuwa na njia za miguu zilizobeba biashara nzito. Washana, ukoo wa wahunzi, waliyeyusha chuma Ugweno, na majembe na silaha za Wapare, wenyeji wa milima hii, zilifika hadi kwa majirani zao Wachagga. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyetoka Upareni, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 jinsi Washana walivyotawala kabla ya ukoo wa Wasuya kuwapokonya madaraka na kujenga dola ya Ugweno.

Mwaka 1911 reli ya Wajerumani iliyoanzia Tanga ilifika Moshi, ikipita chini ya milima ya Upare, Same ikiwa njiani. Tangu hapo bidhaa za mbali zilishushwa karibu na mlima, lakini kutoka stesheni hadi nyumbani zilipanda kichwani na mgongoni.

Njia hizo hizo zilibeba madai ya wananchi. Katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ilileta kodi iliyoitwa mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya mtu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kwa miguu hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa huko wakidai ifutwe. Mwaka uliofuata wanawake nao, wakiwemo wa Usangi, waliingia katika mapambano. Hatimaye serikali ikaiacha kodi hiyo.

Msaragambo

Huwezi kusimulia barabara za Upare bila kutaja msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila kaya hutoa mtu wake. Kwa msaragambo Wapare walichimba mifongo ya kumwagilia na ndiva za kuhifadhi maji, wakajenga shule na zahanati, wakafungua na kutunza barabara za vijijini.

Kazi yenyewe inataka maarifa. Adui wa barabara ya mlimani ni maji. Masika yakianza, mvua hutafuta njia fupi ya kushuka, na ikiikuta barabara haina mtaro huifanya mto. Kwa hiyo mtaro huchimbwa upande wa juu, na kila baada ya hatua kadhaa huwekwa mkato wa kuyatoa maji yakaingie kwenye majani au shambani kabla hayajapata nguvu. Kwenye kona kali, ukingo wa chini hupangwa mawe ili udongo usiporomoke. Mvua zikiisha, watu hurudi na majembe, sururu na machepe kufukia mashimo. Mtaro ukiachwa uzibe, msimu mmoja unatosha kuikata njia.

Baiskeli ya kazi

Baiskeli ilikuja kama chombo cha kazi. Wazee wanazikumbuka Raleigh za Uingereza, Phoenix za China, na Swala zilizotengenezwa hapa nchini na kampuni ya NABICO. Zilikuwa nzito, za chuma kitupu, gia moja, na keria ya nyuma iliyoweza kubeba gunia. Mlimani mwenye baiskeli aliisukuma kupanda, na kuteremka kulitegemea uzima wa breki zake.

Ufalme wake ulikuwa tambarare. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipokamilika mwaka 1965, biashara ya samaki ilishamiri, na baiskeli ikawa mguu wa mchuuzi katika njia za vumbi zilizounganisha bwawa na masoko. Baadaye pikipiki za bodaboda zilichukua nafasi hiyo, na kwenye miinuko hakuna anayeweza kuzilaumu.

Wenye njia wapewe haki yao

Sasa baiskeli inarudi kwa sura ya mchezo. Kenya ilianzisha Migration Gravel Race katika eneo la Maasai Mara mwaka 2021, na waandaaji wake wakaleta Tanzania mbio za Evolution Gravel Race. Mkenya Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya baiskeli ya Amani, aliyefariki mashindanoni Marekani Agosti 2022, aliamini kwamba barabara za vumbi zingewapa vijana wa Afrika Mashariki nafasi ya kushindana na dunia. Septemba 2025 Kigali iliandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani, wa kwanza kufanyika Afrika.

Upare una kila sababu ya kuingia katika ramani hiyo, ila kwa masharti yake. Lami inapanda kidogo kidogo, na ni haki ya wananchi kuipata: mama mjamzito wa Msangeni hawezi kusubirishwa kwenye mashimo ili mgeni afurahie vumbi. Vijia vya kati ya vijiji vitabaki vya changarawe kwa miaka mingi, na hivyo vinatosha kwa mchezo.

Waandaaji wa mbio na safari watakaokuja wakutane kwanza na serikali za vijiji, na sehemu ya ada zao irudi kwenye mitaro na makalivati. Walale na kula vijijini. Vijana wa hapa wapewe baiskeli na mafunzo, washindane badala ya kuishia kupiga makofi pembeni. Shule za Ugweno na Usangi nazo ziwatume wanafunzi kwa wazee waliofungua barabara hizi, waandike kipande gani kilichimbwa na kijiji gani, mwaka gani. Njia iliyolipiwa kwa jasho inastahili kuwa na majina ya waliolipa.