Bwawa la Ndakaini
Bwawa la Ndakaini, ambalo pia huitwa Bwawa la Thika, liko katika Kaunti ya Murang'a nchini Kenya, chini ya safu ya milima ya Aberdare. Ndilo ghala kuu la maji ya Nairobi. Ujenzi wake ulikamilika mwaka 1994. Ukuta wake wa udongo ulioshindiliwa una kimo cha zaidi ya mita 60, na likijaa hubeba takriban mita za ujazo milioni 70. Hupokea maji ya mito Thika, Githika na Kayuyu. Kutoka hapo maji hupita kwenye mahandaki hadi mto Chania, kisha husafishwa katika mtambo wa Ng'ethu kabla ya kufika jijini.

Mvua zikikosekana milimani, Nairobi huona kiu upesi. Mwaka 2017 kina cha bwawa kilishuka mno. Kingo za udongo mwekundu zikabaki wazi, na wakazi wa jiji wakaanza kupata maji kwa zamu.

Mashamba ya chai yamelizunguka bwawa, na mandhari yake huwavutia wageni. Tangu 2004 pamekuwa na mbio za nusu marathoni zilizoanzishwa kuhimiza utunzaji wa chanzo hicho cha maji. Wakimbiaji hupanda na kushuka vilima, maji yakiwa kando yao.