Nukta Mbili za Kipimajoto

Mwaka 1724 Daniel Gabriel Fahrenheit, fundi wa vipimo mzaliwa wa Danzig aliyeweka karakana yake Amsterdam, alichapisha London maelezo ya kipimajoto chake cha zebaki. Mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi aliupa 0. Barafu na maji matupu yakawa 32, na kinywa au kwapa la mtu mzima wa afya likawa 96. Baadaye mchemko wa maji ukawekwa kwenye 212.

Mwaka 1742 mwanafalaki Anders Celsius wa Uppsala alitosheka na nukta mbili: barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka, na kati yake vigawanyo 100 vilivyo sawa. Ila alianzia juu: mchemko ulikuwa 0, barafu 100. Alifariki 1744, na haukupita muda mrefu Waswidi wenzake wakakipindua kipimo.

Kuhama kutoka kipimo kimoja hadi kingine kulihitaji hesabu ambayo msingi wake ulikwisha kuwekwa. Tangu miaka ya 1630 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, alikuwa ameonyesha kwamba mlinganyo wa daraja la kwanza wenye namba mbili zisizojulikana huchora mstari ulionyooka. Na mstari wa namna hiyo, ukishapewa nukta mbili, ni mmoja tu.

Nukta zenyewe ni (0, 32) na (100, 212). Upande wa Fahrenheit umepanda 180, wa Celsius 100; gawanya, unapata mteremko wa 1.8. Celsius ikiwa 0, Fahrenheit ni 32. Basi F = 1.8C + 32, na mwili wenye nyuzi 37 unasoma 98.6. Kwa kipimo cha awali cha Celsius mstari ungeshuka: F = 212 − 1.8C, na mwili uleule ungesoma 63.

Hesabu hiyo inachukulia kwamba kimiminika hutanuka kwa kiwango kilekile njia nzima. Jean-André Deluc wa Geneva alilijaribu hilo, akachapisha matokeo mwaka 1772. Alichanganya maji ya moto na ya baridi kwa vipimo vilivyojulikana, akatazama kama kipimajoto kingesoma joto la katikati lililotarajiwa. Spiriti, hata ilipopatana na zebaki kwenye barafu na kwenye mchemko, ilibaki nyuma sana katikati. Zebaki ilikaribia kuliko vimiminika vingine alivyojaribu, ingawa nayo ilipungua kidogo.