Mbio, Risasi na Mikono Iliyopishana



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, hapa Butihinda hakuna asiyezijua mbio za Jumamosi asubuhi. Warundi walizizoea tangu miaka ya vita vilivyoanza 1993. Watu walikimbia kwa makundi huku wakiimba, maana penye wengi hofu hupungua.

Tarehe 8 Machi 2014 mbio hizo ziligeuka msiba. Mjini Bujumbura wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD walikabiliana na polisi. Polisi walifyatua risasi, na wafuasi nao wakawashika polisi wawili ndani ya ofisi ya chama. Haikupita hata wiki mbili, watu 21 wakahukumiwa kifungo cha maisha. Kukimbia kwa makundi mjini kukapigwa marufuku, ila mahali paliporuhusiwa. Serikali ilisema mbio zimefanywa pazia la uasi. Watetezi wa haki walisema kesi ilikwenda mbio kuliko hao wakimbiaji.

Miaka miwili baadaye mkimbiaji mwingine alizungumziwa duniani kote. Huko Ethiopia, tangu Novemba 2015, Waoromo, Waislamu na Wakristo, waliandamana kupinga mpango wa kuupanua mji wa Addis Ababa kwenye ardhi ya wakulima wao. Juni 2016 shirika la Human Rights Watch lilieleza kuwa askari wamewaua zaidi ya watu 400.

Tarehe 21 Agosti 2016, katika Olimpiki ya Rio, Feyisa Lilesa alishika nafasi ya pili katika marathoni, nyuma ya Eliud Kipchoge wa Kenya. Alipofika mwisho aliinua mikono na kuipishanisha juu ya kichwa. Ilikuwa ishara ya waandamanaji wa Oromia. Hakutukana wala hakumpiga mtu. Serikali yake ilisema atapokewa kama shujaa, lakini yeye alihofia kuuawa au kufungwa. Alikwenda Marekani, akamwacha mke na watoto nyumbani hadi walipomfuata mwaka 2017. Alirudi kwao Oktoba 2018, baada ya Abiy Ahmed kuwa Waziri Mkuu.

Kabla yake alikuwapo ndugu yetu katika Uislamu, Mahmoud Abdul-Rauf, mchezaji wa mpira wa kikapu huko Denver. Machi 1996 alisimamishwa mchezo mmoja kwa kutosimama wimbo wa taifa wa Marekani ulipopigwa, kwa kuwa aliona bendera ile inabeba dhulma. Baadaye alikubali kusimama, lakini akiinamisha kichwa na kuomba dua. Mwaka 2016 Colin Kaepernick alipiga goti kwa ajili ya weusi waliouawa na polisi. Msimu ulipokwisha hakupata tena timu.

Wapo wanaosema uwanja ni wa michezo tu, siasa zibaki nje. Hoja hiyo ina uzito, kwani kila mtu akileta ugomvi wake uwanjani, mchezo utakufa. Lakini je, aliyezika jamaa zake aseme wapi, ikiwa barabarani anapigwa risasi?

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuondoa uovu kwa mkono, tukishindwa kwa ulimi, tukishindwa basi kwa moyo. Na katika Suratul Maida, aya ya 8, Mwenyezi Mungu ametukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Amri hiyo inamhusu askari mwenye bunduki, na inamhusu pia kijana aliyemshika askari mateka. Askari naye ana mama anayemngoja nyumbani.

Wazazi, watoto wetu wakiuliza habari hizi tusiwanyamazishe. Tuwafundishe kuichukia dhulma bila wao kuwa madhalimu. Feyisa alikuwa na mikono mitupu, na dunia ilimwelewa.

Ewe Mola, ijaalie nchi yetu amani yenye uadilifu. Amin.

Wabillahi tawfiq.